Waandishi wa rasimu za katiba wa Upanga: nini cha kununua kwao, nini cha kuacha

Ofisi iko Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya pili: vyumba vitatu, meza moja ndefu, na kibao cha mlangoni ambacho hakitaji neno katiba. Wanachouza ni kitu ambacho mawakili wengi wa mjini hapa hudhani kila aliyesoma sheria anakiweza, yaani kuandika ibara. Wateja wao ni tume na kamati za kupitia katiba katika nchi zilizotoka vitani, au wafadhili wanaozilipia tume hizo. Jina lao hatulitaji, wala nchi ambayo kazi yake ndiyo tunaipima hapa, maana mkataba una kifungu cha usiri. Fani yenyewe ina watu wachache Dar es Salaam. Anayewatafuta kwa nia atawapata.

Kifurushi kamili kina kazi nne: kuchambua mkataba wa amani, kuandika rasimu, kukagua rasimu iliyoandikwa na wengine, na kutoa toleo la Kiswahili la kusomwa na wananchi. Unaweza kununua mojamoja, na malipo ni kwa siku ya mtaalamu. Wanakuletea waandishi wawili, mkaguzi mmoja asiyeruhusiwa kuandika hata sentensi, mtafsiri, na karani wa kumbukumbu. Mteja akitaka kubana bajeti, jicho lake huanzia kwa karani. Akimwondoa huyo amejikata mkono, kwa sababu zitakazotajwa mbele.

Kazi huanza kwa fomu ya maelekezo ya uandishi, ukurasa mmoja kwa kila uamuzi. Ina namba, tarehe, chombo kilichoamua, uamuzi wenyewe kwa lugha ya kawaida, mambo yaliyoachwa wazi, na maneno ambayo upande mmoja umeyakataa. Kipengele hicho cha mwisho kinaonyesha watu waliokwisha kuungua: katika nchi iliyopigana, neno kama "shirikisho" linaweza kuvunja kikao asubuhi hata kama wote wameshakubaliana kila kitu kinachobebwa na neno hilo. Bila fomu yenye sahihi, mwandishi haandiki. Akikuta maelekezo yamenyamaza, haruhusiwi kujaza pengo kwa busara yake. Anarudisha swali kwa maandishi, na majibu mawili au matatu ya kuchagua na athari ya kila moja. Wapo waheshimiwa wasiopenda utaratibu huu. Wanataka wataalamu "watutafutie maneno mazuri tu, muda umekwisha". Maneno mazuri ya namna hiyo ndiyo yanayokuja kubishaniwa mahakamani.

Chukua sentensi ya aina inayotoka kwenye kamati kila wiki: "Rais atateua Waziri Mkuu kwa kushauriana na vyama vikuu." Mwandishi mvivu ataipa namba na kwenda zake. Hawa huirudisha na maswali. Kushauriana ni kusikiliza kisha kuamua utakavyo, au ni lazima wale wengine wakubali? Vyama vikuu ni vyenye wabunge wengi au ni vilivyotia sahihi mkataba wa amani? Rais asipoteua, nani anachukua hatua? Majibu yakipatikana, ibara inatoka hivi:

"(1) Ndani ya siku kumi na nne tangu kuapishwa, Rais atamteua kuwa Waziri Mkuu Mbunge aliyependekezwa kwa maandishi na chama, au muungano wa vyama, wenye zaidi ya nusu ya Wabunge wote. (2) Endapo hakuna chama wala muungano wenye idadi hiyo, Rais atamteua Mbunge aliyechaguliwa na Bunge kwa zaidi ya nusu ya kura za Wabunge wote. (3) Endapo siku kumi na nne zitapita bila uteuzi, Spika ataitisha Bunge ndani ya siku saba ili limchague Waziri Mkuu, na uchaguzi huo utakuwa na nguvu sawa na uteuzi."

Ni ndefu, na redioni haipendezi. Lakini tafuta mahali pa kujificha humo ndani uone. Kasoro ndogo iliyobaki ni "siku": za kalenda au za kazi? Wao huimaliza kwenye ibara ya tafsiri mwishoni, ile inayoeleza maana ya maneno yaliyotumika, jambo ambalo ni sawa mradi msomaji anajua kwenda kuitazama.

Kwenye hesabu ndipo wanapofunika. Waandishi wengi wa sheria huogopa kikokotoo, nao wanakianzia. Bunge la mpito la Sudan Kusini chini ya mkataba wa amani wa 2018 lina viti 550. Theluthi mbili ya Wabunge wote ni 367. Andika "theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura", weka akidi (idadi ya chini ya Wabunge kikaoni) ya nusu, yaani 275, na kura 184 zitatosha kubadilisha katiba. Pengo la kura 183 limekaa kwenye maneno manne. Mkataba huohuo unataka wanawake asilimia 35 katika Serikali yenye mawaziri 35, na asilimia 35 ya 35 ni 12.25. Ukiandika "asilimia 35" peke yake, mmoja atasoma 12 na mwingine 13. Ukiandika "isiyopungua asilimia 35", jibu ni 13, kwa kuwa 12 ni pungufu. Kila ibara yenye sehemu au asilimia wanaiambatishia karatasi ya majaribio: Bunge likiwa limejaa, likiwa na viti vitano vilivyo wazi, na chama kikiwa na mtu mmoja tu. Haijawahi kuonekana rasimu ya mgawo wa madaraka ambayo haikuhitaji karatasi hiyo.

Sehemu ya pili ya thamani yao ni jedwali la ufuatiliaji. Safu ya kwanza ina aya ya mkataba wa amani, ya pili namba ya fomu ya maelekezo, ya tatu ibara ya rasimu, ya nne hali yake: imeingia yote, imeingia nusu, imeachwa kwa uamuzi wa nani. Anayeona huu ni ukarani mtupu aikumbuke Afrika Kusini. Kule wahusika walikubaliana kwanza kanuni 34, kisha Mahakama ya Katiba ikapewa kazi ya kupima kama katiba mpya inazifuata. Tarehe 6 Septemba 1996 mahakama ilikataa kuithibitisha. Bunge la Katiba likarekebisha, na uthibitisho ukatoka 4 Desemba mwaka huohuo. Nchi nyingi hazina mahakama ya kupima namna hiyo kabla ya katiba kuanza, kwa hiyo jedwali ndilo kipimo pekee kilichopo. Karani wao hulihuisha kila jioni, na asubuhi linakuwa mezani kabla ya chai.

Faida ya jedwali hili inaonekana vizuri kwenye masharti ya mpito, yaani ibara za muda za kuvukia kutoka utawala wa zamani kwenda katiba mpya, na hapa kazi ya timu hii ni bora kuliko nyingi zinazopita Dar. Mfano wanaoufundishia ni Burundi, na wana haki ya kuutumia. Mkataba wa Arusha wa 2000 ulisema mtu asitumikie urais zaidi ya vipindi viwili. Katiba ya 2005, ibara ya 96, ikasema Rais anachaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa kipindi cha miaka mitano kinachoweza kurudiwa mara moja. Kisha huko mwishoni, kwenye masharti ya mpito, ibara ya 302 ikasema kwamba Rais wa kwanza baada ya mpito atachaguliwa na Bunge na Seneti. Pierre Nkurunziza akachaguliwa kwa njia hiyo 2005, kisha na wananchi 2010. Ilipofika 2015 hoja ikawa kwamba kipindi cha kwanza hakihesabiki, kwa sababu hakikutokana na kura ya moja kwa moja. Mahakama ya Katiba ikakubali mwezi Mei, wakati watu wako barabarani.

Kilichokosekana ni sentensi moja kwenye ibara ya 302: "Kipindi cha Rais aliyechaguliwa kwa mujibu wa ibara hii kitahesabiwa kuwa kipindi cha kwanza kwa madhumuni ya ibara ya 96." Tusidanganyane, sentensi pekee haimzuii mtu mwenye jeshi. Ila ingemnyima hoja ya kisheria, na mahakama isingepata pa kushikia. Jedwali la ufuatiliaji lingeionyesha mapema, kwa kuwa aya moja ya mkataba wa Arusha ingeonekana imegawanyika katika ibara mbili ambazo hazisalimiani. Mkaguzi wa timu hii ana utaratibu wa kusoma rasimu kuanzia mwisho: masharti ya mpito kwanza, sura ya kwanza mwisho. Kila sharti la mpito anauliza linagusa ibara gani ya kudumu, na kama ibara hiyo inalijua.

Swali jingine analouliza ni "nani atafanya, na asipofanya?" Kenya ilijifunza hilo kwa gharama. Katiba ya 2010 inataka vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Kwa mabunge ya kaunti iliwekwa njia ya kufikia huko: viti vya nyongeza hadi idadi itimie. Kwa Bunge la Taifa hakukuwekwa njia. Lina wabunge 290 wa majimbo, wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa na vyama, jumla 349 bila Spika. Ili wanaume wasizidi theluthi mbili, wanawake wanatakiwa 117. Wale 47 wana uhakika, wengi wa waliobaki ni bahati ya uchaguzi. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza sharti hilo, na halikuvunjwa. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini haikuwekewa mashine ya kuiendesha.

Kuhusu tarehe, wanashauri kuepuka kalenda na kufunga muda kwenye tukio: "siku 90 baada ya Tume kutangaza matokeo" badala ya tarehe ya mwezi fulani. Ushauri ni mzuri, ingawa wanauzidisha. Sudan Kusini imeongeza muda wa mpito zaidi ya mara moja na uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba 2024 ukasogezwa hadi Desemba 2026. Muda uliofungwa kwenye tukio nao unanasa pale tukio lenyewe linapocheleweshwa kwa makusudi. Dawa ni kuweka vyote viwili, tukio na ukomo wa mwisho, "lolote litakalotangulia". Rasimu tuliyoipima iliweka ukomo kwenye ibara tatu na kuusahau kwenye ya nne, ile ya kuvunja Bunge la mpito. Hapo walichemka, na ni mahali pabaya pa kuchemkia.

Mipaka na majina ya majimbo wanayaweka kwenye jedwali la nyongeza la katiba, lenye utaratibu wake wa kurekebishwa. Sawa kabisa. Sudan Kusini ilitoka majimbo 10 kwenda 28 mwaka 2015, 32 mwaka 2017, ikarudi 10 na maeneo matatu ya kiutawala mwaka 2020. Ukitawanya majina hayo ndani ya sura mbalimbali, kila badiliko litakuacha na ibara zinazotaja jimbo lisilokuwepo.

Usalama wa nakala ndiko anakoonekana karani. Faili kuu ni moja, iko kwenye kompyuta moja, na jina lake lina tarehe, saa na herufi za aliyeigusa. Marejeo ya ndani ("kwa mujibu wa ibara ya 47(3)") hayaandikwi kwa mkono. Yamefungwa kwenye programu, ili ibara ikifutwa namba zijirekebishe zenyewe, na kabla ya kila toleo marejeo yote huhuishwa na kusomwa moja baada ya jingine, kwa sababu programu inaweza kukuelekeza kwenye ibara iliyopo lakini isiyo sahihi. Rasimu ikipitishwa, inachapwa, kila ukurasa unatiwa herufi za majina na watu watatu wa pande tofauti, na nakala ya kwenda kiwandani inalinganishwa na hiyo neno kwa neno: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuatisha. Ni kazi ya siku mbili au tatu na inachosha. Mei 2010 nchini Kenya, nakala zilizotoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali zilikutwa na maneno "usalama wa taifa" ndani ya sura ya haki, maneno ambayo hayakuwemo kwenye rasimu iliyopitishwa na Bunge. Yaligunduliwa kabla ya kura ya maoni ya 4 Agosti. Ukisikia mteja anasema kusoma kwa sauti ni kupoteza muda, mtajie hayo.

Sasa yale ya kuacha.

Ripoti ya ulinganisho wa katiba usiinunue. Ni nene, ina jalada zuri, na sehemu kubwa ni ibara za nchi nyingine zilizopangwa kwa mada. Tovuti ya Constitute, iliyoanza 2013, inakupa maandiko ya katiba za karibu nchi zote bure, unazilinganisha mwenyewe mada kwa mada. Unachohitaji kulipia ni mtu anayejua ibara fulani ilifanyaje kazi baada ya kupitishwa, na hilo ripoti yao hailigusi. Vilevile, kama unachotaka ni ushauri wa haraka wakati wa mazungumzo na si uandishi wa miezi, kuna kikosi cha akiba cha wataalamu wa usuluhishi cha Umoja wa Mataifa, kilichopo tangu 2008, kinachoweza kutumwa ndani ya saa 72, na kina wataalamu wa katiba. Wa Upanga hawawezi kushindana na hilo, na kwa haki yao, hawajaribu.

Toleo la Kiswahili linauma zaidi, kwa sababu ungetegemea watu wa Dar waling'arishe. Sheria ya Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, na rasimu za Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ziliandikwa kwa Kiswahili miaka minane kabla ya hapo, uzoefu upo. Tatizo ni kwamba wametafsiri kwa msamiati wa Dodoma na kuupeleka kwa watu ambao sheria wameijua kwa Kifaransa. "Muswada", "akidi", "hati ya dharura" kwa mkulima wa Kivu ni mafumbo. Halafu kuna maneno yanayoteleza hata kwetu. "Mamlaka" ni chombo au ni nguvu? Kwenye ukurasa mmoja limetumika kwa maana zote mbili, likiwa na herufi kubwa mara moja na ndogo mara mbili. "Anaweza kuteua" ni ruhusa, uwezo, au jambo linalowezekana kutokea? "Rais atasaini" ni amri au ni utabiri? Kwa lazima, "ni wajibu wa Rais kusaini" haimpi mtu nafasi ya kukwepa, hata kama inarefusha. Pia hawakuandika popote kwamba matoleo yakipingana ni lipi litakalotawala. Ibara hiyo ina mstari mmoja. Ikikosekana, kila upande utachagua lugha yake.

Kama unataka toleo la wananchi, lipia mtafsiri wa nchi husika, kisha mpe mkaguzi wa Upanga siku tano za kulipitia pamoja naye. Jaribio la kuaminika ni rahisi: msomee ibara mtu asiye mwanasheria, mwambie aieleze kwa maneno yake. Akikosea, aliyekosea ni mwandishi.

Tatizo la mwisho linahusu mkataba. Bei yao inaishia siku rasimu inapokabidhiwa kwa tume. Lakini kimbembe cha uandishi huanza baada ya hapo, rasimu ikiwa mikononi mwa wajumbe. Bunge Maalum la Katiba la Dodoma la 2014 lilikuwa na kamati 12 zikijadili rasimu moja, na uamuzi ulihitaji theluthi mbili za Bara na theluthi mbili za Zanzibar, kila upande peke yake. Mahali penye utaratibu wa namna hiyo, majedwali ya marekebisho huingia jioni, yanagongana, na yanatakiwa yawe yameunganishwa asubuhi. Marekebisho ya ibara ya 12 yanaua ibara ya 140 na hakuna anayeona mpaka kura imepigwa. Wakati huo waandishi wako wameshapanda ndege kurudi Dar, na siku za nyongeza zinatozwa kwa kiwango cha dharura.

Kwa hiyo andika kwenye hadidu za rejea, kabla ya sahihi, kwamba mwandishi mmoja na karani watakuwepo hadi kura ya mwisho, kwa kiwango cha kawaida. Dai waandishi wawili wa nchi yenyewe wakae meza moja nao tangu siku ya kwanza, wakiwa na ruhusa ya kugusa faili kuu. Shikilia asilimia 20 ya malipo mpaka ukabidhiwe faili linaloweza kuhaririwa, fomu zote za maelekezo zenye sahihi, jedwali la ufuatiliaji na karatasi za hesabu. Wakikuletea nakala ya kusomwa tu, iliyofungwa, usipokee.